Oda za intaneti: Muuzaji asiyejumlisha mwenyewe hula mtaji wake

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

DUMU la mafuta ya alizeti la lita 20 linaloondoka Mkonze kwenda Dar es Salaam laweza kuleta faida au hasara bila bei ya alizeti sokoni kupanda wala kushuka. Kinachoamua ni mstari mmoja ulio mwisho wa fomu ya oda kwenye intaneti, mstari ulioandikwa "Jumla".

Mnunuzi huchagua ujazo wa dumu, idadi, mahali pa kupelekewa mzigo na njia ya kulipa. Kila anapogusa chaguo, tarakimu za jumla hubadilika papo hapo. Wauzaji wengi huziamini tarakimu hizo kama wanavyoiamini mizani iliyopigwa muhuri wa Wakala wa Vipimo. Hata hivyo, mara nyingi hesabu hiyo hupigwa ndani ya simu ya mnunuzi, mbali na daftari la muuzaji. Ni makisio tu mpaka muuzaji mwenyewe aipige upya.

Suala hili linawahusu wafanyabiashara wadogo wa Kanda ya Kati kwa sababu faida yao ni nyembamba. Kosa la shilingi elfu chache katika oda moja halionekani siku ile ile. Huonekana mwisho wa msimu, pale mtaji unapokuwa mdogo kuliko ulivyoanza na mwenyewe hajui ulikopotelea.

Soko limesogea

Mkonze ni kata ya Jiji la Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini kasi ya Serikali kuhamia ilionekana kuanzia mwaka 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa hiyo ikatangazwa kuwa jiji. Mkoa wenyewe ni wa alizeti, zabibu, karanga, mtama na uwele, na bidhaa zake zimekuwa zikifuata barabara na reli kwenda pwani kwa miaka mingi.

Kilichobadilika ni namna mnunuzi anavyofika. Tangu Julai 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, lakini mnunuzi wa jumla wa Kariakoo halazimiki hata kupanda treni hiyo. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na leo mnunuzi anaweza kuchagua bidhaa, kulipa kwa simu na kusubiri mzigo kituo cha basi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo iliutambua mkataba unaofungwa kwa njia hiyo. Kwa maneno mengine, jumla ambayo mfumo wa muuzaji umeikubali si jambo la mzaha. Inaweza kumfunga.

Hesabu ya madumu kumi

Ili jambo lieleweke, tuchukue mfano wa mkamuaji wa Mkonze. Bei zake zote katika makala haya ni za mfano na si bei za soko la wiki hii.

Tuseme anauza dumu la lita 5 kwa sh. 30,000, la lita 10 kwa sh. 58,000 na la lita 20 kwa sh. 112,000. Anayenunua madumu 10 au zaidi hupata punguzo la asilimia 5 katika bei ya mafuta. Usafiri wa basi hadi Dar es Salaam ni sh. 6,000 kwa kila dumu la lita 20, na anayefuata mzigo mwenyewe halipi usafiri. Tuseme pia kwamba baada ya kutoa gharama za alizeti, kukamua, dumu tupu na vibarua, faida yake kwa dumu la lita 20 ni sh. 7,000 kabla ya punguzo.

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anaagiza madumu 10 ya lita 20. Hesabu sahihi ni hii:

Mafuta: 10 x 112,000 = 1,120,000
Punguzo la asilimia 5 = 56,000
Mafuta baada ya punguzo = 1,064,000
Usafiri: 10 x 6,000 = 60,000
Jumla ya kulipa = sh. 1,124,000

Faida ya mkamuaji ilikuwa iwe sh. 70,000. Ukiondoa punguzo la sh. 56,000, inabaki sh. 14,000. Hiyo ndiyo fedha inayolindwa na mstari wa jumla.

Sasa tuangalie fomu iliyopangwa kwa haraka. Inajumlisha mafuta na usafiri kwanza, kisha inakata asilimia 5 katika vyote. Mafuta na usafiri ni sh. 1,180,000; ukikata asilimia 5 inabaki sh. 1,121,000. Upungufu ni sh. 3,000. Mwenye basi hakutoa punguzo lolote na atadai sh. 60,000 zake kamili, kwa hiyo sh. 3,000 hizo zinatoka mfukoni mwa mkamuaji. Ni zaidi ya moja ya tano ya faida ya oda nzima.

Kosa la pili ni baya zaidi. Fomu inachukua usafiri kuwa ni sh. 6,000 kwa oda, badala ya sh. 6,000 kwa dumu. Jumla inakuwa sh. 1,070,000 na upungufu ni sh. 54,000. Mkamuaji aliyetegemea faida ya sh. 14,000 amepata hasara ya sh. 40,000. Oda tano za namna hiyo zinamtoa sh. 200,000, karibu thamani ya madumu mawili ya lita 20, na wakati wote huo anafurahi kuwa biashara imechangamka.

Kanuni inayotokana na mfano huu ni rahisi. Kila chaguo katika fomu lazima liwe na majibu ya maswali mawili kabla mtaalamu hajaanza kuandika programu. Je, gharama yake inazidishwa kwa idadi au inalipwa mara moja kwa oda? Je, punguzo linaligusa au haliligusi? Majibu ya maswali hayo anayo mwenye mali. Mtaalamu wa kompyuta hawezi kuyabuni.

Nauli ya treni kama darasa

Mfano wa wazi unaojulikana na wasafiri wengi ni nauli ya SGR. Mwaka 2024 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilitangaza nauli za daraja la kawaida kwa kiwango cha sh. 69.51 kwa kilomita kwa mtu mzima. Dar es Salaam hadi Dodoma ikawa sh. 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 ni nusu, yaani sh. 15,500, na aliye chini ya miaka 4 halipi.

Chukua familia ya watu wazima wawili, mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 3. Watu wazima ni sh. 62,000, mtoto wa kwanza sh. 15,500, wa pili sifuri. Jumla ni sh. 77,500. Fomu ambayo ingehesabu vichwa tu ingedai sh. 124,000, na familia hiyo ingezidishiwa sh. 46,500.

Kuna funzo jingine hapo. Kiwango cha kilomita kina senti, lakini nauli inayotangazwa ni tarakimu kamili ambayo mtu anaweza kuilipa. Senti hazipo tena mifukoni mwa watu. Mfanyabiashara aamue mapema ni hatua ipi hesabu inakamilishwa kuwa shilingi nzima, kisha asiibadilishe. Aidha, kompyuta nyingi zina udhaifu unaojulikana katika hesabu za nukta: katika lugha kadhaa za programu, 0.1 ukijumlisha na 0.2 jibu linatoka na tarakimu ya ziada mwishoni kabisa. Dawa yake ni kuhesabu kwa shilingi nzima tangu mwanzo.

Tarakimu zinaposhikana mikono

Fomu nyingi za intaneti hubadilisha jumla mbele ya mnunuzi kwa kutumia lugha ya JavaScript, iliyotolewa mwaka 1995. Lugha hiyo ina tabia mbili ambazo kila mwenye duka la intaneti anapaswa kuzijua hata kama hataandika programu maishani mwake.

Ya kwanza ni kwamba kinachotoka kwenye kisanduku cha fomu ni maandishi, hata kama kinaonekana kama namba. Alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunganisha. Kwa hiyo 112000 ya mafuta na 6000 ya usafiri, badala ya kuwa 118,000, hugeuka kuwa 1120006000. Mnunuzi wa dumu moja anaambiwa alipe zaidi ya shilingi bilioni moja na milioni mia moja. Kosa hili angalau linajitangaza. Mnunuzi anacheka, anafunga simu na kwenda kwa muuzaji mwingine.

Ya pili ni ya kimyakimya, nayo inawahusu zaidi Watanzania kwa sababu ya namna tunavyoandika bei. Tumezoea kuandika 112,000/= kwa alama ya mkato. Amri ya kawaida ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa namba husoma kutoka kushoto, ikikutana na mkato inasimama. Inachukua 112 na kuacha zilizobaki. Madumu kumi yanakuwa sh. 1,120. Ikiwa mfumo umeunganishwa na malipo ya simu na kuthibitisha oda wenyewe, mafuta ya sh. 1,120,000 yanaweza kupakiwa kwenye basi kwa bei ya soda moja au mbili.

Kinga ni kuweka bei ndani ya mfumo kama namba tupu, 112000, na kuongeza mkato na alama ya shilingi wakati wa kumwonyesha mnunuzi tu.

Bei ikiwa mikononi mwa mnunuzi

Makosa hayo ni ya bahati mbaya. Lipo pia la makusudi, na ni la zamani kama biashara ya intaneti yenyewe.

Katika fomu nyingi za mwanzo bei ya bidhaa ilifichwa ndani ya ukurasa, na mnunuzi alipobonyeza kitufe cha kuagiza, bei hiyo ilirudi kwa muuzaji pamoja na oda. Muuzaji aliipokea bila kuuliza. Februari 2000 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, Internet Security Systems, ilitoa tahadhari kwamba programu 11 za maduka ya intaneti zilikuwa na udhaifu huo. Mnunuzi mjanja aliweza kuhifadhi ukurasa, kubadilisha bei kwa mkono na kuirudisha fomu ikiwa na bei aliyoipenda. Duka likamtoza bei hiyo hiyo.

Ni sawa na mwenye duka kumkabidhi mteja kitabu cha bei na kalamu, kisha yeye akaenda kula. Mbinu hiyo ingali inafanya kazi dhidi ya fomu yoyote inayoamini bei inayotoka kwa mnunuzi. Ndugu yake ni idadi hasi: mtu anaagiza madumu matatu ya lita 20, halafu katika mstari wa dumu la lita 10 anaandika -5. Mfumo usiokagua unakata sh. 290,000 katika jumla, na madumu matatu ya sh. 336,000 yanatoka kwa sh. 46,000.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaufanya udanganyifu wa kutumia kompyuta kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, kesi hairudishi mafuta yaliyokwisha kupikiwa. Kinga ya bei nafuu ni kupiga hesabu upya kabla mzigo haujatoka.

Nani ajumlishe?

Mpangilio unaotakiwa si mgumu, na mwenye biashara anaweza kumtaka mtaalamu wake aufuate hatua kwa hatua.

Kwanza, fomu ipeleke kwa muuzaji alama ya bidhaa, idadi na machaguo tu. Bei isisafiri. Kila bidhaa iwe na alama yake, mathalani ALZ20 kwa dumu la lita 20. Bei zisifungwe kwa nafasi ya bidhaa kwenye orodha, kwa sababu siku ukiongeza bidhaa mpya katikati, bei zote za chini yake zinahama.

Pili, kompyuta ya muuzaji, yaani seva, itafute bei katika orodha yake yenyewe, ikague kwamba idadi ni namba nzima kuanzia 1 na kwamba chaguo lililotumwa lipo kweli, kisha ijumlishe kwa utaratibu ule ule kila siku: bidhaa, punguzo, usafiri, kodi inapohusika.

Tatu, jumla hiyo iandikwe pamoja na oda, ikiwa na bei za saa ile na muda wa mwisho wa kulipa. Bei ya alizeti hubadilika kati ya mavuno na kiangazi. Aliyeagiza leo akalipa baada ya wiki tatu asipate mafuta kwa bei iliyokwisha kufa, wala muuzaji asimpandishie aliyelipa ndani ya muda.

Nne, ombi la malipo litolewe na seva likiwa na kiasi hicho hicho. Jumla inayoonekana kwenye simu ya mnunuzi ibaki kuwa huduma ya kumsaidia kuamua. Zikitofautiana, aonyeshwe jumla mpya na kuulizwa kama anakubali, kabla hajalipa.

Punguzo linalokula faida

Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikamuumiza mwenye mali. Rudi kwenye mfano wa Mkonze. Mnunuzi wa madumu 9 analipa mafuta sh. 1,008,000 bila punguzo. Wa madumu 10 analipa sh. 1,064,000. Maana yake dumu la kumi limeuzwa kwa sh. 56,000, nusu ya bei yake.

Kwa upande wa faida, oda ya madumu 9 inampa mkamuaji sh. 63,000. Oda ya madumu 10 inampa sh. 14,000. Ameuza zaidi akapata kidogo. Dukani, ana kwa ana, mfanyabiashara mzoefu angelihisi hilo na kujadiliana. Fomu haina hisia. Itatoa punguzo hilo usiku na mchana, kwa kila aliyegundua kuwa kuongeza dumu moja kuna manufaa.

Njia mojawapo ni kutoa punguzo kwa dumu la kumi na yanayofuata tu. Hapo oda ya madumu 10 ingepunguziwa sh. 5,600, na faida ingekuwa sh. 64,400. Uamuzi ni wa mwenye biashara, lakini aufanye akiwa na kalamu mkononi kabla ya kuufungia ndani ya mashine.

Kodi: njia ya kulipa hubadilisha jumla

Eneo linalohitaji uangalifu zaidi hivi sasa ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilileta kiwango cha asilimia 16, kuanzia Septemba 2025, kwa mnunuzi ambaye hajasajiliwa VAT anayelipa kwa benki au kwa mfumo wa malipo wa kielektroniki uliokubaliwa. Kwa hiyo chaguo la njia ya kulipa, ambalo zamani lilikuwa la urahisi tu, sasa linaweza kubadilisha jumla.

Chukua vifaa vya ujenzi vyenye bei ya sh. 118,000 ikiwa ni pamoja na VAT ya asilimia 18. Bei bila kodi ni sh. 100,000. Anayestahili kiwango cha 16 analipa sh. 116,000. Fomu inayokata asilimia 2 ya sh. 118,000 itatoa sh. 2,360 na kudai sh. 115,640. Zinakosekana sh. 360, nazo ni za muuzaji. Njia sahihi ni kurudi kwanza kwenye bei isiyo na kodi kwa kugawa kwa 1.18, ndipo uzidishe kwa 1.16.

Mfanyabiashara ambaye hajasajiliwa VAT hana ruhusa ya kuongeza mstari wa kodi hiyo kwenye fomu yake. Tangu mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa ni sh. milioni 200 kwa mwaka, kutoka milioni 100. Wakamuaji wengi wadogo wako chini ya hapo. Anayenunua fomu iliyokwisha kutengenezwa na mwingine akague kama mstari huo haukuachwa ndani, kwani kutoza kodi usiyosajiliwa kuikusanya ni kujiitia mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato, TRA.

Fedha imefika kiasi gani?

Jumla sahihi haina maana kama haikulinganishwa na fedha iliyoingia. Malipo ya Serikali yametoa mfano mzuri tangu mfumo wa GePG ulipoanza kutumika mwaka 2017. Ankara hutengenezwa na taasisi, hupewa namba yake ya kumbukumbu ya malipo na kiasi chake, ndipo mlipaji hulipa kwa namba hiyo. Kila fedha inayoingia ina ankara yake.

Wafanyabiashara wanaotumia Lipa Namba wako katika hali tofauti, kwani mara nyingi mnunuzi huandika kiasi mwenyewe. Anaweza kuandika 1,070,000 badala ya 1,124,000, kwa kukosea au kwa kupenda. Oda yoyote isitoke kabla ya kiasi kilichoingia kwenye akaunti ya muuzaji kulinganishwa na jumla iliyoandikwa kwenye oda. Ujumbe mfupi unaoonyeshwa na mnunuzi kwenye simu yake si ushahidi wa malipo.

Ada ya kupokea malipo nayo ihesabiwe. Tuseme mtoa huduma anakata asilimia 1. Katika oda ya sh. 1,124,000 ada ni sh. 11,240, kwa sababu hukatwa katika fedha yote ikiwemo ile ya basi. Faida ya sh. 14,000 inabaki sh. 2,760. Mwenye biashara ambaye hakuiweka ada hiyo katika bei zake amefanya kazi ya siku nzima kwa nauli ya bodaboda.

Kwa mwenye kutaka kuwekeza

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuchangia mtaji katika biashara ya namna hii haina haja aelewe programu. Aombe ruhusa ya kufanya oda tano za majaribio na achukue kikokotoo. Dumu moja la kufuata mwenyewe lilete sh. 112,000. Dumu moja hadi Dar es Salaam sh. 118,000. Madumu 9 hadi Dar es Salaam sh. 1,062,000. Madumu 10, kwa utaratibu wa punguzo la oda nzima, sh. 1,124,000. Idadi ya -1 ikataliwe kabisa.

Baada ya hapo aulize swali moja: bei ikibadilishwa kwenye simu ya mnunuzi, oda itaandikwa bei gani? Jibu likiwa ni bei ya orodha ya muuzaji, mazungumzo ya mtaji yanaweza kuendelea. Jibu likiwa ni kimya, au likiwa ni kwamba wateja wake wote ni waaminifu, fedha zake zingali salama zaidi mahali zilipo.

Wakamuaji wa Kanda ya Kati hupima alizeti inapoingia na mafuta yanapotoka, na hakuna anayemwachia mteja ashike mizani peke yake. Jumla ya oda ni kipimo cha tatu, na inastahili mkono ule ule.